Kofia yenye ilipima muto

Siku ya yenga, tarehe 8, mwezi wa sita

Tumetoka misa. Tena wanasimulia vibaya. Eti Papa Kofia, njo miye, alipimaka muto na fimbo. Uongo. Ilikuwa kofia. Kuanzia hapa Kalembe mpaka Mubi watu wote wanaharibiaka ile hadisi yangu, na mwenyewe niko muzima, hawaniulize. Basi naandika, karatasi moja angalau iseme vizuri. Nilisimama pembeni ya muto. Nikashusha kofia mpaka ukingo wake ukagusa ngambo mu macho yangu. Nikageuka bila kusongesha shingo. Nikaangalia ukingo unagusa wapi huku kwetu. Nikahesabu hatua mpaka pale. Tukakata kamba za pori, tukafunga kilalo, daraja yenye ngombe alipitaka. Ngombe moja. Kadogo.

Masomo sikufanyaka. Herufi alinionyeshaka katekista, tukingojea ubatizo. Maandiko yangu inafanana na miguu ya kuku. Lakini kilalo nilijenga.

Mapendo, mutoto ya binti yangu, iko na kaye yake, daftari ya hesabu, tangu asubui. Ni finaliste, iko mwaka wa mwisho. Tarehe 16 iko na Egzetat, mutihani ya kumaliza sekondari. Mwaka jana hakufanya, tulikuwa tumekimbia vita mpaka Sake na magodoro ku kichwa. Mwalimu wa matematike alikimbia pia, hakurudi. Mapendo anajifundisha peke yake. Anatafuta x. Kila siku namuuliza: ulishaona mama moja anauzisha x soko? Zamani alikuwa anacheka.

Siku ya kwanza, tarehe 9

Mvua. Kilalo imeenda.

Muto umekula pia miti miwili yenye ilikuwa imefungiwa. Hata ukingo wa muto haupo tena. Sentre, mahali pa kufanyia Egzetat, iko ngambo, siku moja ya mguu. Barabara ya juu, bunduki inalia. Njia ingine hakuna.

Mapendo alisimama pale maji inapita, sanduku ya jeometri mukononi.

Siku ya pili, tarehe 10

Papa Bauma, mwenye anaongozaka kazi ya kilalo, ametuita wote ku muto. Shida ni hii. Tutafunga mahali papya, kwenye hakuna mutu anajua upana. Kamba kubwa haiungwe, ukiiunga itakatikia pa fundo. Lazima ikatwe nzima pori. Pori ya karibu iko na kamba fupi. Kamba ndefu ziko mbali, siku moja zaidi. Na hakuna mutu wa kuogelea mpaka siku ya tano, maji iko na hasira. Kwa hiyo tujue leo.

Wote wakaniangalia. Utamu ya namna gani, Mungu anisamehe. Wakasema: Papa Kofia, tupimie.

Nikashusha kofia. Nikageuka. Nyuma yangu ni mulima. Nikahesabu hatua nikipanda. Makumi mbili na saba.

Mapendo alikuwa amepanda vijiti vyake mu shamba ya maharagwe pembeni ya muto, kwenye ni bapa. Kimoja huku kwetu, kinaangaliana na muti moja wa ngambo. Hatua kumi na mbili kufuata muto, kijiti kingine. Hatua ine tena, cha tatu. Kiisha, kutoka pale, akaacha muto nyuma, akatembea akigeuka kuangalia, mpaka kijiti cha katikati na ule muti vikawa kitu kimoja. Hatua kumi na mbili. Akaandika mu kaye, akaniita vile wajukuu wanaitaka babu:

– Koko, ni makumi tatu na sita.

– Nani alikuambia?

– Ni x. Ni kitu hatujue bado. Tunakipatia jina, tunatembea nacho, kinaishia kujisema. Wewe ulipima kwenye inapanda. Mulima umekuja mbele ya kofia yako.

Ningenyamaza. Nikasema mbele ya wanaume wote: Mapendo, hiyo x yako ilishavukisha hata mutu moja? Watu walicheka mpaka wengine wakaikala chini. Bauma akacheka pia. Akasema: muzee anajua. Tunaenda pori ya karibu.

Mapendo aliokota vijiti vyake kimoja kimoja.

Siku ya tatu, tarehe 11

Wanaume wako pori. Nimekula vizuri. Nimesimulia hadisi mara mbili.

Siku ya ine, tarehe 12

Kamba zimefika. Nzuri, nene kama mukono wangu wa zamani. Mapendo amefua uniforme. Blouse nyeupe iko ku kamba mbele ya nyumba. Najisikia mubaya na sijue juu ya nini.

Hapana. Najua. Nilirudi ku ile mulima. Nikashusha kofia tena. Makumi mbili na tano. Tena. Makumi tatu. Kofia inasema inachotaka.

Sikuambia mutu.

Siku ya tano, tarehe 13

Wawili wameogelea na kauzi kadogo. Mumoja maji ilimubeba mbali, akatoka anatapika. Walivuta kamba ya kwanza. Ikaenda, ikaenda, ikasimama. Mwisho wake ulikuwa unaning'inia juu ya maji. Hata kipofu angeona.

Hakuna mwenye alinitukana. Ingekuwa afazali.

Bauma alienda ku Mapendo. Alimuuliza: makumi ngapi ulisema? Akajibu na sauti kadogo. Kesho wanaenda pori ya mbali. Siku tatu, na moja ya kufunga. Mutihani ni kiisha siku tatu. Hesabu hiyo hata mimi najua.

Mapendo akaomba wamufunge kamba kiunoni, wamuvute mpaka ngambo. Hajue kuogelea. Mama yake akaanza kulia. Bauma akakataa: haijaonekana, mwanamuke kuvutwa mu maji ile.

Ilionekana. Mimi niliona. Mudomo wangu, wenye haulalake, ulilala.

Siku ya posho, tarehe 14

Hakuna kitu. Blouse iko ku kamba bado. Hakuna mwenye anaitoa.

Siku ya yenga, tarehe 15

Nilienda misa bila kofia. Mutu moja akauliza kofia iko wapi. Nikajibu inapima mbingu. Akacheka. Sikucheka.

Nilitaka kumuambia Mapendo. Nilifika ku mulango wake mara tatu. Mara ya tatu nikamuuliza kama kuko chumvi.

Siku ya kwanza, tarehe 16

Saa hii wenzake wameingia mu sentre. Mapendo ameikala nje, anaparuza muhogo. Nikaikala naye. Nikamuuliza: hii aljebre, mutu wa shamba anaifanyia nini? Sikuchokoza. Nilikuwa nauliza kweli.

Akasema: Koko, ni juu usingoje kuvuka kwanza ndiyo ujue.

Kiisha akaendelea na muhogo.

Siku ya tatu, tarehe 18

Jana kilalo imefungwa. Kamba zilitosha. Walikata kufuata hesabu ya Mapendo, wakaongeza kipande cha kufungia. Bauma alimuita apite wa kwanza. Alienda mpaka katikati, akaangalia maji, akarudi. Akasema hana kazi ngambo.

Leo asubui niliikala pale nikiangalia watu wanapita na mizigo. Wamama wa Walikale na mafuta ya mawese, pikipiki moja yenye watu ine wameibeba. Mama moja akanitambua. Akasema: si wewe njo Papa Kofia, ulipimaka muto na fimbo? Nikasema hapana mama, ikala, nikuambie vizuri. Nikaanza. Mapendo alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Alisikia yote mpaka mwisho. Akabandika ndoo ku kichwa, akapanda.

Naandika hapa, kwenye hakuna mutu atasoma. Muke wangu Feza, marehemu, njo alivukaka ule muto. Alifunga kamba kiunoni, akaingia mu maji, miye niko ku ngambo hii nashika mwisho wa kamba, juu naogopaka maji. Alipofika ngambo, kamba yenye ilikuwa kati ya kiuno chake na mukono wangu njo tulipima. Mambo ya kupima na kofia nilisikia kwa mudereva moja pa soko ya Sake, miaka mingi kiisha kilalo kufungwa, siku nilinunua kofia.

Siku ya kilalo ile ya kwanza, kichwa changu kilikuwa wazi, bila kofia.