Panya Zenye Zilikula Karanga Yetu

Butembo, tarehe 16 mwezi wa tatu 2025

Mpendwa Yaya Nadège,

Jambo sana huko Lubumbashi. Uko muzuri? Batoto nabo? Bwana yako alipona kifua? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe. Mama anasema umekonda kwenye photo.

Yaya, kuko neno yenye inanikaba. Unajua kazi yangu ya laboratoire: tunatafuta namna kansa inaanzaka kwenye ini ya panya. Ndani ya ini, gène, zile zenye kubeba urithi wa mwili, zinatumiana message. Moja inasema: ongezeka. Ingine inasema: inatosha, simama. Sumu ya kuvu ya karanga inaharibu ile ya kusimamisha, na ini inabakia kusikia neno moja tu: ongezeka, ongezeka.

Panya zingine tulizipatia ile sumu. Zingine, zenye tunaita témoin, zilikula chakula safi, ili tulinganishe. Kisha ya mwaka moja tukazipasua. Hata témoin zilikuwa na bivimbe kwenye ini. Message ilivunjika vilevile.

Ile chakula safi, mimi njo nilikuwa naitoa kwetu: karanga ya dépôt ya Papa, yenye anauzishaka.

Nilimuambia. Alikaa juu ya gunia, kofia mukononi.

“Balimaji ba Mbau, benye banatuletea karanga, banavuna na mbio sababu ya vita,” alisema. “Banaanika wapi, isiote kuvu? Na mimi niuzishe nini?”

“Papa, tuiunguze yote kwa moto.”

“Na wewe, ulianza kuikula lini?”

Tangu meno ya kwanza, Yaya, mimi na wewe.

Karanga ya upande ingine haifike. Njia ya kusini vita imeifunga, ya Beni inatisha. Mama anachambua, anatupa zenye ziko nyeusi, lakini mimi najua sumu inaweza kujificha hata kwenye karanga nzuri. Juzi Papa alifunga dépôt na kufuli, hauzishe tena. Jioni kulikuwa tu sombe, yale majani ya muhogo, na karanga. Tulisali, tukaangaliana. Papa akanyoosha mukono kwanza. Mimi nikafuata. Tungeenda wapi?

Basi Yaya, ile karanga Mama alikutumia kwa Noël, kama ingali iko, iunguze kwa moto, iwe majivu. Batoto basiionje tena. Na Mama asijue kama nilikuandikia hivi. Aliichagua yeye mwenyewe, moja moja.

Salimia bwana yako na Gracieuse mudogo. Siméon na tante Kahongya banakusalimia. Bikira Maria akufunike na batoto bako.

Ni mimi mudogo wako, mwenye anakupenda sana,
Ornella