Kahawa ya Baba Haishiki Povu

Nyuma ya kanisa,
Buon Ma Thuot,
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mpendwa dada yangu Nhan,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimetoka Misa ya asubuhi sasa hivi, hata nguo za kwaya sijavua, nikasema leo namwandikia dada kabla kazi hazijanikamata. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Leipzig? Na shemeji Toan, presha imeshuka? Kila nikimaliza rozari naongeza sala moja kwa ajili ya goti lako. Usinicheke, sijui ni la kulia au la kushoto, lakini Mungu analijua.

Sisi huku tu wazima, tunachoka tu. Mavuno yameanza na mvua haijui kwamba msimu wake umekwisha. Wiki iliyopita tulikuwa tunakimbia uani na maturubai kufunika kahawa, tunaifunua, tunaifunika tena, mpaka majirani wakatuuliza kama tunatandika kitanda.

Siku ya Marehemu Wote nilikwenda makaburini. Nimeng'oa majani kwenye kaburi la baba na la mama, nikaweka maua ya manjano, nikawachomea ubani na kuwasalimia kwa niaba yako. Kibao cha mama kilikuwa kimelegea, mume wangu Dac amekikaza kwa saruji.

Sasa dada, kaa vizuri nikupe habari yenyewe. Mien amerudi nyumbani.

Unajua kilichomfukuza binti yangu hapa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsikiliza akilia kwenye simu, enzi zile baba yake analetwa nyumbani amebebwa kama gunia. Alikwenda Saigon kukimbia pombe, na kazi aliyoipata huko ikawa ni baa. Amekaa nyuma ya kaunta miaka yote hiyo akichanganya kokteli, na amekuwa fundi kwelikweli. Mungu ana mambo yake, mimi nimeacha kuyauliza.

Alirudi na wazo. Duka letu la kahawa asubuhi hujaa wazee, kila mmoja na kichujio chake cha bati juu ya glasi, wanasubiri kahawa idondoke huku wanabishana. Ikifika alasiri ni mimi na nzi. Mien akasema, "Mama, jioni nipe mimi. Vijana na wageni wanataka kokteli za kahawa. Saigon wanaagiza kahawa kutoka huku kwetu, sisi tumeikalia tu." Akaniambia pia kuna hoteli ya Da Nang inamngojea ajibu. Hakunitisha, aliniambia kwa upole tu. Lakini nilielewa kwamba nikikataa, ataondoka, na safari hii sitakuwa na la kumwambia ili arudi.

Na hofu yangu unaijua. Dac aliweka nadhiri mbele ya Bikira Maria ile Pasaka aliyotoka hospitali na ini lake bovu, na huu ni mwaka wa tano hajaonja hata tone. Kwenye harusi ya mpwa wake meza nzima ilimpigia kelele, "Moja, mbili, tatu, haya!" naye akainua glasi ya chai. Walimwita mwanamke, walimwita mtawa, akanywa chai yake. Hata kahawa ya baba yetu anaikaanga kwa tahadhari. Unakumbuka baba alivyokuwa akimalizia: siagi, sosi ya samaki kidogo, kisha anairushia pombe ya mchele ikiwa bado ya moto, moshi unapanda mpaka darini. Dac ndiye aliyerithi pipa la kukaangia. Ila tangu nadhiri, ikifika zamu ya pombe anatoka nje, anaita, "Mama Mien, zamu yako!" Narusha mimi, mvuke ukiisha ndipo anarudi ndani.

Mtu kama huyo unamwekea chupa za ramu nyumbani? Nilisali juu ya jambo hili, nikaona njia ya katikati. Nikamwambia Mien, "Chupa zikiingia kwangu, zitakaa kabatini na ufunguo utakaa shingoni mwangu pamoja na msalaba. Na mimi mwenyewe nitajifunza kuchanganya, nijue kinachotoka na kinachobaki."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, wewe? Na kwaya yako?"

"Kwani Yesu kule Kana alitengeneza juisi?" nikamwuliza.

Basi, dada, mdogo wako amekuwa mwanafunzi. Kahawa inachujwa nzito kama lami, kisha maziwa mazito ya kopo, ramu kidogo, wakati mwingine tui la nazi au ganda la ndimu, barafu, halafu vyote vinafungwa kwenye kopo la chuma na kutikiswa. Kutikisa ndiko kazi. Nilikuwa siujui mwisho wake, nikaanza kupima kwa Salamu Maria, nikifika "amina" nafungua. Mien akasema, "Mama, sala iende nayo haraka, barafu inayeyuka. Na usiitikise kama unabembeleza mtoto. Itikise kama unamwamsha mlevi!"

Tukatazamana. Sote wawili tumewahi kumwamsha huyo. Mien akainamisha uso, akaanza kukata ndimu zilizokwisha kukatwa.

Lazima nikueleze aibu yangu pia. Mien alisema fundi lazima aonje, nami nikaonja kwa utii. Jioni ile kulikuwa na mazoezi ya kwaya. Unamkumbuka Bi Luot, jirani yetu, mwenyekiti wa rozari, yule mjane mwenye macho ya kunusa na pua ya kuona? Aliniegemea katikati ya wimbo.

"Khuyen, leo umeogea nini?"

"Kahawa, Bi Luot."

"Kahawa haimfanyi mtu aimbe sauti ya wanaume, mwanangu."

Soprano wote walisikia. Tangu siku ile naonja kwa ncha ya kijiko na kutema, Mien apende asipende.

Shida ikawa povu. Kokteli ya kahawa lazima ivae povu juu, zito kama krimu, na likae mpaka mnywaji afike nusu ya glasi. Letu lilikuwa likitoka zuri, likapumua, likafa, likabaki kama maji ya kufulia. Mien alilaumu barafu. Akalaumu maziwa. Akalaumu mkono wangu, kisha akatikisa yeye mwenyewe kwa nguvu zake zote, likafa vilevile. Akaanza kusema labda maji ya hapa si kama ya Saigon, na nilipomwona anaitazama simu yake nikajua anaifikiria hoteli ya Da Nang.

Siku zote hizo Dac alikuwa haingii jikoni. Tukianza somo, yeye huchukua kiti chake akaenda kukaa na kahawa zake uani, anazigeuza kwa reki hata kama zimekwisha kugeuzwa. Sikumwuliza kitu. Niliona kimya chake nikakiita amani.

Jumanne iliyopita aliingia. Nikaushika ufunguo shingoni, dada. Alikwenda moja kwa moja kwenye glasi ambayo povu lake lilikuwa linakufa. Hakuinusa. Aligusa juu kwa ncha ya kidole, akakisugua na kidole gumba, akakielekeza dirishani.

"Mnaona haya macho ya mafuta? Ni siagi. Siagi ya mzee. Kahawa hii haitashika povu hata mkiitikisa mpaka Krismasi."

Mien akajipiga kwenye paji la uso. Kule Saigon wanatumia kahawa kavu, isiyotiwa kitu. Sisi hapa tumezaliwa na siagi ndani ya kahawa, nani angeifikiria?

Nikasema kahawa ya baba haiguswi. Dac akasema, "Sijasema iguswe. Asubuhi ya wazee ni ya mzee. Ya jioni nitakaanga nyingine, mbegu tupu." Akaikaanga mchana uleule. Ilikuwa ajabu kumwona amesimama penye pipa mwanzo mpaka mwisho bila kutoka nje hata mara moja. Jioni Mien alitikisa, akamimina, tukangoja. Povu likasimama, rangi ya mchanga, nene hata ukiweka mbegu ya kahawa haizami. Tukapiga makofi kama wendawazimu.

"Jumamosi tunafungua!" Mien akasema. "Baba, wewe ndiye mkaangaji wangu!"

"Ngoja kwanza," Dac akasema. Akavuta kigoda, akaketi. Mikono yake aliibana katikati ya magoti. "Nyote mnanilinda, na hakuna aliyeniuliza. Mama Mien anatembea na ufunguo shingoni kama askari jela. Lile kabati limepakana na kitanda changu, ukuta mmoja tu. Nalala, nazijua ziko ngapi, najua ipi imefunguliwa."

"Baba, zimefungiwa," Mien akasema.

"Kufuli lile hata wembe unalifungua, mwanangu. Mimi naogopa. Hamjawahi kunisikia nikisema hivyo, basi nisikieni. Naogopa."

Dada, nimeishi na mwanamume huyu tangu nikiwa msichana. Nimemsikia akitukana, akilia, akiimba barabarani. Neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mien akamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo.

"Ungeondoka tena."

Alipojibu hivyo Mien alitoka jikoni, nami nikasema basi, limekwisha, anakwenda kufunga mizigo. Akarudi na kapu kubwa la sokoni. Akaninyooshea mkono. "Mama, ufunguo." Akafungua kabati, akatoa chupa zote akazipanga kapuni na kuzifunika kwa kitambaa cha meza.

"Unazipeleka wapi?" nikauliza.

"Kwa mtu ambaye mtaa mzima unamwogopa."

Nilimkimbilia mpaka mlangoni kwa Bi Luot nikiwa na aproni. Bi Luot akafunua kapu, akatutazama, akatazama tena kapu.

"Ramu? Kwangu? Kwa mwenyekiti wa rozari?"

Mien akamweleza yote bila kupamba: baba anaogopa, chupa zisilale kwetu, atakuwa akizichukua jioni za kuuza na kuzirudisha akifunga. Nilingoja mahubiri. Bi Luot akajifuta mikono.

"Mume wangu hakuwahi kusema naogopa," akasema. "Angesema, ningekuwa naye leo. Leta hapa." Akazipanga kwenye kabati lililo chini ya sanamu ya Bikira Maria, Mama wa La Vang, akasogeza vitabu vya novena kuzipisha. Kisha akamgeukia Mien. "Na usidhani sitapima. Nikiona zimepungua kuliko ulivyouza, nitakuja kukaa dukani kwako nikisali kwa sauti."

Basi tumefungua jana. Ijumaa na Jumamosi tu, kuanzia sasa. Vijana walikuja, na mwalimu mmoja na mkewe, na wageni wawili waliopiga picha glasi mpaka barafu ikayeyuka. Mimi nilitikisa za kwanza kwa Salamu Maria zangu, na nilipofika "amina" meza nzima ikaitikia. Saa za kuuza Dac hakai nyumbani. Amejiunga na bendi ya parokia, anajifunza tarumbeta. Anapiga vibaya sana, dada, tunamsikia mpaka dukani, na kila likipaa Mien anatabasamu na kusema, "Mkaangaji wangu yuko salama."

Hoteli ya Da Nang ameijibu kwamba haendi. Aliniambia tu wakati wa kuosha vyombo, kama anaomba sabuni.

Nakutumia pakiti mbili kwa mkono wa mpwa wa Bi Luot anayerudi huko. Yenye uzi mwekundu ni ya baba, siagi na kila kitu kama ulivyoizoea, usimpe Mjerumani yeyote kabla hujashiba mwenyewe. Yenye uzi mweupe ni ya jioni. Ukiinywa utaona ni kama mtu uliyemzoea amenyoa ndevu, lakini mwache azungumze kidogo, utampenda.

Nikwambie na hili, kisha niende nikageuze kahawa. Jana tulipofunga, Dac alikuwa amerudi, tarumbeta begani. Mien akachukua kapu la chupa kulirudisha kwa Bi Luot, na baba yake akasema, "Nakusindikiza." Kapu lile ni zito. Dac hakuomba kulibeba, na Mien hakumpa. Walitembea sambamba mpaka kwa Bi Luot, mtoto na kapu lake, baba na mikono yake nyuma. Mien akaingia ndani, Dac akabaki barabarani, mgongo ameupa mlango, anamngoja.

Nisalimie shemeji Toan, mwambie apunguze chumvi. Wanangu Hieu na Lam wape busu la mama mdogo, na waambie wasisahau kusali kwa lugha ya kwao hata kama ni "Baba Yetu" peke yake. Bi Luot anakusalimu, anasema ukija atakuonyesha kabati. Mien anamwamkia mama yake mkubwa kwa mikono miwili.

Mama wa La Vang akufunike kwa vazi lake, goti na kila kilichounganika nalo, na atupe siku ya kuketi meza moja.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, mikono ikinuka kahawa na ndimu,

Maria Khuyen