Jicho Tulilolishangilia

Kemunto mjukuu wangu,

Huku Nyaramba tu wazima na chai imechipua vizuri. Unauliza kama ule weupe unaong'aa jichoni mwa mwanao ukimpiga picha ni wa kuogopa.

Ndugu yangu mdogo, Ombati, alipewa jina la babu yetu marehemu, ambaye jicho lake moja lilikuwa jeupe. Jicho la mtoto lilipoanza kung'aa, tulishangilia kwamba mzee amerudi. Mama alimzungusha sokoni watu wamwone. Daktari alipokuja kumpima alikuta saratani, na retina, ule utando wa ndani unaotuwezesha kuona, ilikuwa imeshabanduka. Mengine siyaandiki. Hakufikisha umri wa kwenda shule.

Jana mama yako alitazama picha uliyotuma akacheka, "Ombati amerudi!"

Mimi sikucheka. Mpeleke hospitali kesho.

Nyanya yako,
Kerubo