Kilindi cha Baba

Majhigaun,
Mwezi wa Fagun

Kaka yangu mpendwa Jitman,

Pokea salamu zetu huko Qatar. Natumaini kifua kimepona na joto halijakuzidi. Sisi tu wazima, mama anakuombea, na mbuzi wako amezaa mapacha. Baba naye hajambo, ila tangu juzi haongei, na ndiyo sababu ya barua hii.

Unajua bwawa la juu limeshaanza kazi. Mwaka jana, kabla mto haujazibwa, walikuja wataalamu kukadiria maji ya chini kabisa ambayo kampuni itayaacha yapite ili samaki wasife. Kiongozi wao, Bi Anuja, alikuwa na adabu zake, akala ugali wetu wa dhido kwa mkono kama sisi. Alimwomba baba amwonyeshe wanapojihifadhi samaki wetu, asala, maji yakipungua, ili apime hapo. Baba akampeleka chini ya daraja. Akapima, akashukuru, na kiwango kikatoka: maji ya magotini.

Basi mto unapita hivyo hivyo, magotini, kampuni haipunguzi hata tone. Lakini wavu unarudi mtupu. Dhanbir, mvuvi wa ng'ambo ya mto, alikuwa akimtania baba auze wavu afuge kuku. Nilimpigia simu Bi Anuja. Alisikitika kwa kweli, akasema kiwango kimeshatiwa saini na hakiguswi mpaka miaka mitano ipite, tena pa kupimia palichaguliwa na mvuvi mwenyewe.

Kaka, chini ya daraja hakujawahi kulala asala. Wewe unajua wanakolala: kwenye kilindi cha nyuma ya jabali, ambacho babu alimwonyesha baba peke yake, na baba akatuonyesha sisi wawili kwa kiapo. Alipoulizwa mbele ya Dhanbir alifanya kama mvuvi yeyote wa kwetu, akaonyesha pengine. Nilikuwepo, nikamwona mjanja.

Maji ya magotini hayafiki kwenye mlango wa kilindi kile. Juzi baba aliwaita watu wote, Dhanbir akiwemo, akawapeleka nyuma ya jabali akisema njooni muone nilikokuwa navua. Palikuwa na tope na asala waliooza. Nilidhani Dhanbir atacheka. Alimshika baba mkono, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba na yeye, upande wake, aliwaonyesha wataalamu mahali pa uongo.

Sijui nikuombe nini, kaka. Mama anakusalimu sana, na baba angekusalimu kama angeongea.

Ni mimi mdogo wako,
Phulmati