Sweta la Bosi

Shoga, hebu nisikilize. Wifi ndiyo kwanza kanipigia kutoka hospitali, analia. Mjomba wake hajazinduka.

Si unajua wifi ni sekretari? Leo bosi kawaitisha kikao cha mabadiliko ya tabianchi. Kiyoyozi kimewashwa mpaka watu wamevaa masweta. MASWETA, shoga, na joto hili!

Bosi anawaambia, "Dunia ina joto lake tangu enzi na enzi. Binadamu anahusikaje?" Wakapiga makofi. Wifi naye akapiga. Angefanyaje?

Mara wakasikia kishindo nje. Mjomba wake, yule mlinzi wa hapo ofisini, kazi katafutiwa na wifi mwenyewe, kaanguka kibandani kwake.

Wifi akapiga magoti, anampepea. Anapepea, joto linazidi. Kuinua macho, anaona lile boksi la nje la kiyoyozi limefungwa dirishani pa kibanda, linamtemea mzee moto usoni. Kutwa nzima, kila siku!

Bosi akachungulia mlangoni mwa ofisi na sweta lake. "Kwani hapa mbona pana joto hivi?"

Halafu akasema, shoga, nakuapia akasema: "Fungeni huo mlango, ubaridi unatoka."

Na wifi akainuka, akaufunga.