Benchi la Mbele, Uyole

Kamwene Bibi yangu wa Kihesa,

Leo nimefunga skrini kubwa ya taa kanisani huku Uyole, na mara hii hakuna aliyenisimamia! Baridi ilinikausha vidole, lakini ilipowaka nilipiga vigelegele.

Bibi, picha yake ni maelfu ya vitaa, na kati ya kimoja na kingine hapapiti hata punje ya mchele. Ukiwa mbali vinaungana unaona sura, ukikaribia unaona madoa tu. Natamani vingebanana zaidi, ila vikizidi kubanana vinachemka, na fundi hapati pa kushika.

Basi nikawaomba wazee wa kanisa wasogeze nyuma benchi lao la mbele, lililo karibu mno na skrini. Wakagoma! "Hapa alikaa baba yangu," mmoja akasema. Nikajua wataona madoa tu, na skrini inarudi kwenye maboksi.

Mara Mama Atupele wa benchi hilohilo, bibi wa rika lako, akaitazama skrini, akashangaa: "Mbona mimi naona vizuri? Mchungaji anapendeza!" Kumbe miwani yake ilikuwa kwenye kikapu. Akaivaa, akaruka: "Yesu wangu, mchungaji ana tetekuwanga!" Akaivua, mchungaji akapona. Benchi zima likavua miwani na kupiga makofi. Skrini imebaki, na wazee wamebaki palepale.

Nisamehe kelele zangu zote za "Bibi, vaa miwani". Mungu akutunze hadi nije kukuchukua uione skrini yangu. Siku hiyo miwani yako iache hukohuko chini ya mto wa kitanda unakoificha. Nimeshakuombea nafasi kwenye benchi la mbele.

Mjukuu wako,
Neema