Simu ya Mama Mkwe Imejaa

Jumatatu, 2 Juni

Nimepewa cheo! Mimi — karani wa stoo ya magodoro — ndiye msimamizi wa usalama wa moto wa kiwanda kizima. Meneja aliuliza nani yuko tayari, akaona mkono wangu uko juu. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda msalani. Watu wakapiga makofi! Ningekataaje? Na kizibao nimepewa, cha rangi ya chungwa, kinang'aa. Kinanifika magotini lakini shauri yake.

Mume wangu kacheka hadi chai ikamtokea puani. Mama mkwe kasema cheo ni dhamana, kisha akarudi chumbani na simu yake. Siku hizi haiachi hata akienda kuoga.

Jumanne, 3 Juni

Mafunzo! Mkufunzi ni mwanamama wa zimamoto, mfupi, mkavu, hana mzaha hata wa kuazima. Kaja na sinia la vitu vilivyoungua: pawabanki, tochi, mashine ya kunyolea, simu tatu. Anatuonyesha kimoja kimoja. Hii ilichajiwa kitandani. Hii kwenye kochi. Hii chini ya mto, na mwenyewe kalala juu yake. Betri za kuchaji zinataka hewa, anasema. Ukizifunika joto halina pa kwenda. Chaja iwe yake, si ya kuokoteza. Ikijaa, chomoa. Na ikivimba, usiichaji, usiiminye, usiitoboe, itoe nje ya nyumba.

Halafu akawasha kipande cha sponji yetu, kidogo, cha ukubwa wa kidole. Sikufika tatu kwenye kuhesabu, kikawa kimeteketea chote.

Jioni nimefanya ukaguzi nyumbani, kizibao mwilini! Betri ya drili ya mume wangu ilikuwa inachajiwa nyuma ya mlango. Na mlango wenyewe tunao mmoja! Nimeihamishia kwenye sakafu tupu, mbali na pazia. Chaja yake iliyofungwa kwa selotepu nimeikata waya mbele ya macho yake. Sasa ananiita Afande. "Afande, nipitishie chumvi."

Kimebaki chumba kimoja. Cha mama mkwe. Simu yake inalala chini ya mto, na waya wa chaja umeingia humo humo, nimeuona mlango ukiwa wazi. Lakini mto wa mkwe unauinuaje? Nikasimama pale kizingitini na cheo changu chote, nikamuuliza kama anataka chai.

Alhamisi, 5 Juni

Siri! Siri! Nisipoandika nitapasuka.

Umeme ulikatika kiwandani, nimerudi saa nane. Napita na nguo za kuanika, nasikia kicheko chumbani kwa mama mkwe. Si cha kawaida — cha kubanwa na shuka. "Wewe nawe! Hebu acha!" Mama wa miaka sitini na saba! Nikadondosha beseni.

Kanifuata kwenye kamba, kanishika mkono. Kumbe anayeongea naye ni fundi mstaafu wa kuchomelea mageti. Walikutana kwenye foleni ya kliniki ya macho, wote wawili hawaoni namba ukutani, wakasaidiana kukosea. Kila siku saa nne asubuhi anampigia kumjulia hali. Mchana wanapiga soga. "Mumeo asijue," kaninong'oneza. "Ataanza kujifanya baba yangu." Nimeapa. Nimefurahi mpaka nimeanika soksi mbili kwa kibanio kimoja.

Nikapata ujasiri. "Mama, basi ukichaji iweke mezani, isikae chini ya mto."

"Mezani nitasikiaje ikiita, nawe unajua masikio yangu?"

Nimeshindwa. Lakini kaahidi atakuwa anaikagua. Nikamfundisha kama nilivyofundishwa: ikijaa, chomoa.

Ijumaa, 6 Juni

Kanipigia kazini! "Mwanangu, simu imejaa."

"Hongera mama! Ichomoe."

"Nimeshachomoa. Bado imejaa."

"Ndivyo inavyotakiwa, mama!"

Nimewasimulia stoo nzima. Mwanafunzi wangu wa kwanza. Msinichezee!

Jumapili, 8 Juni

Saa nne na dakika tano. Nje, kwenye matofali, mbali na nyumba. Mkufunzi kaniambia kwenye simu niandike kila kilichotokea, na saa zake, wakati tunawasubiri zimamoto. Mfukoni mwa aproni kilikuwemo kidaftari hiki tu. Basi.

Saa tatu na nusu mama mkwe kaja jikoni kuomba pasi. Nikamwambia lete nguo nikunyooshee. Hapana, kasema, hata moto haitaki, anataka uzito wake tu.

"Uzito wa nini, mama?"

"Si ile simu? Imejaa, mfuniko haufungi. Nimeilalia tangu Ijumaa, haishuki."

Imejaa. IMEJAA! Imevimba! Siku mbili nimekuwa naupongeza uvimbe! Na mtu kaulalia!

Sikupiga hodi. Nimeingia, nimeinua mto wa mama mkwe wangu. Simu imenona, imefungwa kwa mpira wa nywele, ina joto. Nikaishika kwa koleo la jikoni, nikaiweka kwenye kikaango, nikatembea nayo kama nimebeba yai — mpaka kwenye ndoo ya bati yenye mchanga uliobaki kwenye plasta. Nilikuwa sijafika hata hatua kumi kurudi. Ssssss! Moshi mweupe, harufu ya kukaba koo. Mume wangu katoka bafuni na povu shavuni. "Afande, kuna nini?" Nikamwonyesha ndoo. Mzaha wote ukamwisha. Kaniuliza ilikuwa wapi. Nikamwambia chini ya mto. Kakaa chini palepale.

Moshi umepungua lakini mkufunzi kakataza kusogea. Inaweza kuwaka tena. Wako njiani.

Mama mkwe yuko hapa ubavuni kwangu, analia. Nimemwambia yamepita, mama, nyumba ipo, sote tupo.

"Najua. Lakini ni saa nne. Atapiga weee. Ataona nimemnunia."

Nimecheka! Mungu nisamehe, nimecheka, naye kacheka na machozi yake, tumeshikana kama wasichana wa shule.

"Niazime yako, mwanangu. Namba yake ninayo kichwani."

Tarakimu zote, bila kukwama! Mtu ambaye namba yake mwenyewe ananiuliza mimi! Inaita. Kabonyeza nini sijui, sauti imefunguka yote, uani kote inasikika. Mume wangu kainuka, anakuja, taulo begani. "Mama anampigia nani?"

Sisemi. Niliapa. Naandika tu.

Imepokelewa. Sauti ya mwanamume, nzito, ya raha: "Haloo! Nani mwenzangu?"

Mama mkwe kamtazama mwanawe. Kafuta macho.

"Ni mimi," kasema. Wala hakunong'ona.